Piga Hodi Kabla ya Kupiga Picha: Mwongozo kwa Mwenye Simu Jijini Nairobi

Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza faini ya shilingi 1,850,000 dhidi ya Casa Vera Lounge, klabu ya Ngong Road, kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Katika tangazo hilohilo, Roma School ya Uthiru ilitakiwa kulipa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi wao.

Utasema hayo ni ya wenye klabu na wenye shule, wewe una simu yako tu. Lakini aliyemo pichani haulizi kama una leseni ya biashara. Anachojua ni kwamba uso wake umefika mahali ambapo yeye hakuupeleka.

Mlangoni tunaijua adabu. Mgeni hupiga hodi, na akipiga mara tatu asiitikiwe, hugeuka akaenda zake. Hasukumi mlango wala hachungulii dirishani. Mwongozo huu unakuomba uibebe adabu hiyo pamoja na simu: hodi ya kwanza kabla ya kupiga picha, ya pili kabla ya kuiweka mtandaoni, na ya tatu kabla ya kusambaza picha ya mwingine. Katikati tutajifunza pia kupiga picha nzuri, kwa sababu picha mbaya ya mtu nayo ni kumvunjia heshima.

KWA NINI UJISUMBUE

*Heshima.* Hujui habari ya mtu unayempiga. Anayeuza mahindi choma Kangemi huenda hajawaambia watu wa nyumbani kwamba kazi ya ofisini iliisha. Dada aliyeketi Arboretum huenda amemkimbia mume mwenye mkono mwepesi, na hataki ajulikane yuko mtaa gani. Kwako ni picha ya jua la jioni, kwake ni anwani.

*Sheria.* Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa data yake. Picha za matumizi ya binafsi au ya nyumbani zimeachwa nje ya masharti yake, kwa hiyo albamu ya harusi ya binamu yako haina tatizo. Lakini ukiwa na ukurasa wa kuuza mitumba, saluni au keki, na picha ya mteja ikawa tangazo lako, hapo umetoka nyumbani na kuingia sokoni. Mtoto analindwa zaidi: ni lazima mzazi au mlezi akubali. Nayo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inaadhibu kusambaza picha za utupu au za faragha za mtu kwa faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili.

*Usalama.* Wezi nao wanatazama picha. Wanasoma nambari ya gari, jina la shule kwenye sweta ya mtoto, na maneno "tuko Mombasa mpaka Jumapili".

KABLA YA KUTOKA NYUMBANI

☐ Futa lenzi kwa kitambaa laini. Picha nyingi zenye ukungu hazina kosa jingine ila mafuta ya vidole na vumbi la mfukoni.
☐ Futa picha usizozihitaji ili simu isikuambie imejaa katikati ya tukio.
☐ Hakikisha simu inafungwa kwa nambari ya siri au alama ya kidole, na picha za zamani zimehifadhiwa mahali pengine.
☐ Bonyeza *#06# uandike nambari ya IMEI kwenye karatasi. Simu ikiibwa, polisi wataiulizia.
☐ Washa mistari ya miraba kwenye mipangilio ya kamera. Itakusaidia kunyoosha majengo.

MWANGA WA NAIROBI

Nairobi iko karibu sana na ikweta. Mwaka mzima jua huchomoza na kutua mnamo saa kumi na mbili na nusu, likipishana kwa kama nusu saa tu. Hupanda wima, kwa hiyo ule mwanga laini wa dhahabu haudumu. Ikifika saa mbili na nusu asubuhi umekwisha kuwa mkali, na saa sita jua la utosini huchimba vivuli vyeusi chini ya macho na pua.

Basi panga hivi:

1. Picha za watu zipige kabla ya saa mbili na nusu asubuhi au baada ya saa kumi jioni.
2. Ukilazimika kupiga mchana, mwombe mtu asogee kivulini, pembeni mwa ukuta au chini ya mti, uso ukielekea upande wenye mwanga.
3. Mawingu ya Juni hadi Agosti usiyalaumu. Hulainisha vivuli, na uso hutoka vizuri saa yoyote.
4. Mijakaranda huchanua kati ya Septemba na Novemba. Piga asubuhi baada ya mvua, maua yakiwa bado yametandikwa chini na magari hayajayasaga.
5. Ukipanda juu ya KICC, jengo lililokamilika 1973, panda asubuhi. Jua litakuwa mgongoni ukitazama magharibi, na siku isiyo na ukungu utaviona vilima vya Ngong. Jioni upande huo jua litakuja usoni mwa kamera.

HATUA SABA ZA PICHA INAYOTAZAMIKA

1. *Sogea.* Kuvuta picha karibu kwa vidole huiharibu. Tumia miguu.
2. *Gusa uso kwenye skrini.* Simu huchagua yenyewe cha kuangazia, na mara nyingi huchagua anga. Ukigusa uso, itaupimia mwanga uso.
3. *Rekebisha mwanga kwa mkono.* Ukishagusa, telezesha kidole juu au chini. Ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweupe hutoka kama kivuli kama hukuongeza mwanga kidogo. Mbele ya ukuta mweusi simu huweza kuzidisha mwanga, na uso ukapauka. Lenga rangi halisi ya mtu, usimng'arishe akawa mwingine.
4. *Tazama nyuma yake.* Nguzo ya stima isiote kichwani mwa bibi, wala pipa la taka lisiwe shahidi wa mahafali.
5. *Shuka.* Mtoto mpige ukiwa umechuchumaa. Ukimpiga kutoka juu anakuwa kichwa na viatu.
6. *Tulia.* Usiku egemea ukuta au weka viwiko mezani. Simu huchukua muda kukusanya mwanga, na mkono ukitikisika taa zote za Waiyaki Way huwa nyuzi.
7. *Piga tatu, weka moja.* Kuna atakayefumba macho. Chagua iliyo bora, nyingine futa.

HODI YA KWANZA: KABLA YA KUPIGA

Mandhari haina haja ya ruhusa ya mtu. Sanamu ya Dedan Kimathi kwenye mtaa wenye jina lake, ya Tom Mboya pale Moi Avenue, umati unaovuka barabara Kencom: piga. Hodi inaanza pale mtu mmoja anapokuwa ndiye picha yenyewe.

1. Teremsha simu. Anayeombwa ruhusa huku kamera imemwelekea usoni hajaombwa, amearifiwa.
2. Salimia kwanza, kwa jina linalomfaa: mama, mzee, dada, kaka, fundi.
3. Sema unachotaka na picha itakwenda wapi. Swali la kwanza Nairobi ni "Ya nini?" na la pili ni "Unaipeleka wapi?" Yajibu kabla hujaulizwa.
4. Subiri jibu. Kunyamaza si kukubali. Kicheko cha aibu nacho si kukubali.
5. Akikubali, piga, kisha mwonyeshe. Akisema "hiyo futa", ifute mbele yake.
6. Akikataa, mshukuru uende. Usirudi ng'ambo ya barabara ukampiga kwa mbali.

Kuhusu pesa, mfanyabiashara unamlia muda wake. Nunua kitu kwanza, hata parachichi mbili, kisha uombe. Wapiga picha wa Uhuru Park na wa uwanja wa KICC wao picha ndiyo kazi yao. Usimgeuze mmoja wao mwalimu wa bure wala usisimame mbele ya mteja wake.

> KISANDUKU: MANENO YA KUOMBEA
>
> *Kwa mama mboga, soko la Kangemi:* "Habari ya asubuhi, mama. Umezipanga nyanya zako zikapendeza kweli. Naomba nikupige picha ukiwa nazo. Ni ya kuwaonyesha wenzangu kwenye Facebook. Kama hutaki uso utokee, nitapiga mikono na nyanya tu."
>
> *Kwa fundi viatu:* "Mzee, hujambo? Naomba picha moja ukishona hapo. Nitakuonyesha kabla sijaondoka."
>
> *Kwa mzazi:* "Samahani mama, mtoto wako ametokea kwenye picha yangu. Niiache au niifute?"

> KISANDUKU: HAPA SIMU IKAE MFUKONI
>
> • Ikulu, kambi za jeshi, vituo vya polisi na balozi. Arboretum iko jirani na Ikulu, kwa hiyo piga miti na tumbili, usielekeze kamera upande wa kuta zile.
> • Benki, vituo vya ukaguzi na milango ya maduka makubwa. Tangu shambulio la Westgate la 2013, soja akiona unapiga picha ya mlango ana haki ya kukuuliza. Mjibu kwa upole, kwani yuko kazini.
> • Wodi na foleni za hospitali. Mgonjwa hakuja kutazamwa.
> • Mwili wa marehemu, hata kama familia imefungua jeneza watu wamuage.
> • Bustani ya Kumbukumbu ya Agosti 7, pale lilipokuwa jengo la ubalozi wa Marekani lililolipuliwa 1998. Picha si haramu, lakini kujipiga ukicheka mbele ya ukuta wa majina ya waliokufa si mahali pake.

LINDA SIMU YENYEWE

Katikati ya jiji simu hunyakuliwa na mwenye miguu au mwenye pikipiki, na kwenye matatu huchomolewa dirishani foleni ikisimama. Fanya hivi:

1. Simama ukiwa umeegemea ukuta au duka, mgongo ukiwa salama. Usipige ukitembea.
2. Tazama kushoto na kulia kwanza, kisha toa simu. Piga, rudisha. Kuchagua picha ni kazi ya baadaye.
3. Kwenye matatu funga dirisha kabla ya kuinua simu.
4. Ukitaka jiji likiwa wazi, nenda Jumapili asubuhi, lakini nenda na mwenzako. Mmoja apige, mwingine awe macho.
5. Ukinyang'anywa, iache iende. Picha zitapigwa nyingine.

HODI YA PILI: KABLA YA KUIWEKA MTANDAONI

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Aliyekubali kupigwa picha hajakubali itazamwe na watu wote. Rafiki aliyecheka mbele ya kamera mkiwa nyama choma Kenyatta Market alikuwa anacheka nawe. Hakujua bosi wake, aliyempa ruhusa ya kuugua, atakiona kicheko hicho kwenye stetasi yako.

Uliza kwa maneno mepesi: "Hii naiweka Instagram, ni sawa?" Kisha pitia orodha hii:

☐ Kila anayetambulika ameulizwa, na mtoto ameulizwa kupitia mzazi wake?
☐ Kila mmoja ametoka vizuri, au ni wewe tu uliyependeza?
☐ Sare ya shule, nambari ya nyumba, nambari ya gari na geti la ploti havionekani?
☐ Hakuna kitambulisho, tiketi, cheti au ujumbe wa M-Pesa mezani?
☐ Unaweka ukiwa bado hapo, au umekwisha kuondoka? Ya safari iweke ukisharudi.
☐ Aliyepiga picha, kama si wewe, umemtaja?
☐ Maneno uliyoandika chini ungeyasema mbele ya mtu huyo?

Kama jibu moja linakupa wasiwasi, kata picha, ziba uso, au iache. Ukiziba uso, zibia rangi kamili au ukungu mzito. Kikaragosi kidogo juu ya macho hakimfichi mtu kwa jirani yake.

Jambo moja la kiufundi: simu nyingi huandika ndani ya faili mahali na saa ulipopiga, ikiwa umeruhusu. WhatsApp ukituma kama picha ya kawaida, taarifa hizo huondolewa. Ukituma kama hati ili ubora usipungue, husafiri nazo. Kama ni picha ya nyumbani, zima kwanza ruhusa ya mahali kwenye mipangilio ya kamera.

Na usiwamwagie watu. Picha arubaini za sherehe moja kwenye kundi la chama humaliza bando za watu na hakuna anayezitazama. Chagua tano. Anayetaka zaidi atakuomba.

HODI YA TATU: KABLA YA KUSAMBAZA

Tarehe 15 Januari 2019 magaidi walishambulia jengo la 14 Riverside, palipo na hoteli ya DusitD2, na watu 21 wakauawa. Gazeti la New York Times lilipochapisha picha iliyoonyesha miili ya waliouawa wakiwa mezani, Wakenya walikasirika, wakataka iondolewe, na Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya nalo likaingilia kati. Hasira ile ilikuwa ya haki, maana hakuna familia inayostahili kumtambua mtu wake kwenye skrini.

Sasa jiulize: ajali inapotokea Waiyaki Way, ni gazeti gani la kigeni linalotuma picha kwenye kundi lenu la ploti? Ni sisi. Adabu tuliyomdai mgeni tuidai pia kwa vidole vyetu.

Kabla ya kubonyeza "tuma":

1. *Ni ya nani?* Kama hujui aliyepiga wala aliyepigwa, huna wa kumwomba, na hodi isiyoitikiwa ina maana moja: rudi.
2. *Ni ya lini na wapi?* Picha za mafuriko ya mwaka mwingine hurudi kila mvua ikinyesha. Tafuta asili yake kwa kuipakia kwenye Google Lens.
3. *Inamsaidia nani?* Picha ya mtoto aliyepotea inasaidia ikiwa na tarehe na kituo cha polisi, na inadhuru ikiendelea kuzunguka miezi baada ya mtoto kupatikana.
4. *Kuna aliyeumia?* Mpigie simu anayeweza kusaidia kwanza. Picha ya ushahidi mpe polisi au familia. Kundi si kituo cha polisi.

MAKOSA YA KILA SIKU, NA DAWA YAKE

• *"Tulikuwa mahali pa umma."* Pa umma panakuruhusu kutazama. Kumfanya mtu tangazo ni jambo jingine.
• *"Nimemficha jina."* Kofia, kibanda na mtaa vinamtaja.
• *"Ni utani tu."* Subiri mwenyewe acheke ndipo uite utani.
• *"Nitaifuta baadaye."* WhatsApp hukuruhusu kufutia wote kwa muda wa siku mbili na nusu hivi. Waliokwisha kuihifadhi hutawafuta.
• *Kusimama njiani harusini.* Mpiga picha aliyelipwa anakupata wewe badala ya bibi harusi. Keti, utaomba nakala.
• *Kupiga picha ya msaada unaotoa.* Unga wako utaliwa kwa siku chache, lakini picha ya mwenye njaa ikishawekwa haiishi. Piga mifuko, si nyuso.

UKIWEKWA MTANDAONI BILA KUULIZWA

1. Kabla ya kulalamika, hifadhi ushahidi: nasa skrini ikionyesha picha, akaunti na tarehe, na nakili kiungo.
2. Mwandikie aliyeiweka kwa upole na kwa uwazi: "Picha hii ni yangu, sikuombwa ruhusa. Naomba uiondoe leo." Mara nyingi inatosha.
3. Akikaidi, iripoti kwenye mtandao wenyewe.
4. Ikiwa ni biashara, shule au taasisi, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa maandishi au kwa mdomo. Sheria inaipa ofisi hiyo siku 90 kumaliza uchunguzi.
5. Ikiwa ni picha ya utupu au unatishiwa, usilipe na usifute mazungumzo. Nenda polisi. Kwa watu wazima, StopNCII.org hutengeneza alama ya picha ndani ya simu yako mwenyewe, ili mitandao inayoshirikiana nayo iizuie bila wewe kumtumia mtu picha hiyo.

KAZI YA NYUMBANI

Wiki hii chagua mtu mmoja unayempita kila siku: fundi wa baiskeli Kawangware, muuza magazeti, mama wa chapati. Mpigie hodi na umpige picha moja, mwanga ukiwa mzuri. Kisha ipeleke kwenye duka la kuchapisha, ichapishwe kwenye karatasi, umpelekee mkononi mwake. Usiiweke popote mpaka yeye aseme.

Siku nyingine ukipita hapo na simu yako, huenda usiwahi kufungua kinywa. Utamsikia yeye akitangulia: "Karibu."